Kumuaga Fundi Isdori wa Mitambo ya Sauti

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Ndugu Mwenyekiti wa kwaya, Mama Lucia uliyeishi na mzee wetu miaka yote hii, ndugu wageni waalikwa: wakubwa, shikamooni.

Mimi ni Sekela. Nilikuja Sumbawanga kutoka Mbeya kuuza dukani kwa mtu. Duka likafungwa, nikabaki sina ndugu wala jirani wa kumwomba chumvi. Mzee Isdori, ambaye leo tunamuaga anapostaafu na kurudi kwao Wampembe, alinikuta mkutanoni nimesimama karibu na spika zake. Akaniuliza, "Binti, unasikia nini?"

"Hiyo ya kushoto inakoroma."

Akanipa waya niushike.

Je, mnajua kazi hii ilivyo ya upweke? Ninyi mnacheza, sisi tuko nyuma na mitambo. Mkitukumbuka, mjue tumekosea. Harusi yangu ya kwanza, kule Namanyere, nilipandisha maiki ya bibi harusi kupita kiasi, spika zikapiga ukelele, ukumbi mzima ukanigeukia. Mshereheshaji akasema, "Mtoeni huyo dada!" Mzee hakunitoa. Alisimama kando yangu, mikono mfukoni. "Shusha taratibu. Vicheko achana navyo, sikiliza maiki." Nilishusha huku nalia.

Mwaka jana tulikwenda msibani Mwazye. Bi Marsiana alikuwa anamzika Jafeti, mwanawe wa pekee. Sauti ilikuwa imemkauka, na upepo unaichukua hata ile kidogo iliyobaki. Mzee akaniachia mitambo, akaenda kukaa na wafiwa. Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaifunika maiki yake isipigwe na upepo, nikazima nyingine zote, nikaipandisha ile moja polepole. Hata waliosimama mbali, ukingoni mwa mahindi, walimsikia mama akimwita mwanawe kwa Kifipa. Mimi sikuelewa neno hata moja. Nilijua tu kwamba limefika.

Watu wakikumbatiana, mimi nilikuwa nakunja nyaya. Bi Marsiana akanijia. "Mwanangu, umekula?" Kwa miaka sita hapa, aliyekuwa akiniuliza hivyo ni wewe peke yako, mzee.

Nenda salama, baba. Jumamosi nina harusi. Najua nitageuka kando kukuuliza kama sauti imekaa sawa, na nitaona ukuta. Itabidi nisikilize mwenyewe.

Ndugu zangu, nimezoea kuyahudumia masikio yenu nikiwa nyuma. Leo mmenipa masikio hayo nikiwa mbele. Asanteni kwa kunisikiliza.