Mama Rudia na Lehemu Iliyoshuka Mno

Tarehe 30 Juni anastaafu mwenzetu wa maabara baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Tumemzoea kwa jina la Mama Rudia, kwa sababu jibu lisilomwingia akilini hakulitia sahihi. Alirudia kipimo, hata foleni ikifika mlangoni na sisi tukinuna.

Alianza kama mwosha chupa, akajisomesha, akaishia kuwa fundi sanifu mkuu. Mkono wake ni mwepesi: watoto walitolewa damu huku wakimsimulia habari za paka wao. Hayo watayasema wengine. Mimi nitasema lisilosemwa.

Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuja mpishi wa bweni, mtu wa miraba minne, mpenda vya kukaanga. Lehemu yake, yaani kolesteroli kwenye damu, ilikuwa chini mno. Daktari akampongeza. Mama Rudia akarudia kipimo mara tatu. Jibu lile lile. Akamwendea mkuu wa maabara.

"Lehemu nyingi hutengenezwa na ini. Ikishuka hivi bila sababu, ini liulizwe. Tumpime virusi."

Mkuu akamjibu mbele yetu sote: "Kazi yako kupima, si kufikiri!"

Basi Mama Rudia akamshauri mpishi mwenyewe aombe kipimo. Kwa hilo akaandikiwa barua ya onyo. Sisi tuliosikia tuliinamia darubini zetu. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mpishi akapimwa. Alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya C, vimemla ini kimyakimya miaka na miaka. Vidonge vya miezi mitatu vikavifagia. Kisha lehemu ikapanda, naye akaja juu: "Mmeniponya ini, mkaniharibia moyo?"

Mama Rudia akamketisha. "Kaka yangu, virusi vile vilijificha ndani ya mafuta hayo hayo na kusafiri nayo, vikayakwamisha kwenye ini. Vimeondoka, mafuta yamerudi kwenye damu. Ile lehemu ya kwanza haikuwa afya, ulikuwa ugonjwa. Sasa punguza vya kukaanga, uulinde moyo."

Amepunguza, na angali anapika. Wagonjwa wengine sita wamegunduliwa kwa jicho hilo hilo la Mama Rudia. Mkuu yule alipandishwa cheo. Barua ya onyo ingali kwenye faili la mama wa watu, na hadi leo hakuna aliyemwomba radhi. Linaniuma, na sikubali tulimeze pamoja na keki ya kumuaga. Uongozi uitoe barua hiyo kabla hajakabidhi funguo.

Mama, asante kwa kufikiri ulipokatazwa. Sisi tulionyamaza, tuwie radhi. Nenda kalale hadi jua lichomoze, wajukuu wakuchoshe kwa maswali. Mungu akupe ini zima, moyo mkunjufu na miaka mingi ya kuvitumia.