Elieshi Kweka na Mataya ya Wavumilivu

Tarehe 27 Juni 2025, Bi. Elieshi Kweka anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika kliniki yetu ya maumivu ya taya, hapa kusini mwa London. Kiti chake kitapata mrithi. Sauti yake mikutanoni, hatuna hakika.

Alitoka Moshi akiwa muuguzi wa meno, akasomea upimaji wa misuli. Hubandika vibandiko shavuni kunasa umeme wa msuli unapotafuna. Kisha hukandamiza shavu kwa kipimo chenye ncha ya mpira, na mgonjwa hubonyeza kitufe mara tu mkandamizo unapogeuka maumivu. Wapo wataalamu, wengine wenye vyeo, wanaodai kipimo cha kwanza kinatosha: msuli ukiwa mtulivu, basi mgonjwa anajidekeza. Huo ni uvivu uliovaa koti jeupe. Msuli unaweza kutulia na bado ukauma, na Elieshi amelisema hilo kila kikao, mpaka wenyeviti wakajifunza kumpa nafasi ya kwanza ili chai isipoe.

Ushindi wake mkubwa ulianza na Mzee Njoroge, dereva wa basi kutoka Barking. Kila akila, taya lilimkaza. Alikonda hadi sare ikamning'inia. Lakini vipimo vyote viwili vilitoka safi, na daktari wake hapa kliniki, Dkt. Ranjan, alikuwa tayari kumwondoa kwenye matibabu. Mchana huo Elieshi akamkuta mzee mkahawani akilowesha tosti kwenye chai mpaka ikawa uji. Akamuuliza kwa nini alichelewa kubonyeza kitufe. Mzee akashangaa: aonyeshe uchungu mbele ya mwanamke, tena kwa kidude cha mpira?

“Nilikaza, mama. Na nikashinda!”

“Baba, hapa si jandoni. Ukishinda wewe, tumeshindwa sote. Twende nikupime tena.”

Safari hii kitufe kililia ncha ilipogusa shavu tu. Dkt. Ranjan, ambaye ubishi wake huisha anapoona ushahidi, alimrudisha kwenye matibabu siku hiyohiyo, kisha akauliza ni wangapi wengine “walioshinda”. Wakaitwa. Walikuwemo Wakenya, Watanzania, na Surjit wa Hounslow, aliyelelewa vilevile kuona kulalamika ni aibu. Tangu hapo hakuna anayepimwa kabla ya kuelezwa, kwa Kiswahili akitaka, kwamba hapa ushujaa unaharibu kipimo. Nasi tunaosifu uvumilivu kwenye kila harusi na kila msiba, tujiulize umetugharimu meno mangapi.

Katika hafla ya Ijumaa, Mzee Njoroge atazungumza kwa niaba ya wagonjwa. Ameomba mbavu za mbuzi, na amekataa katakata zikatwe vipande vidogo.

Asante, Elieshi, kwa kuwabishia wakubwa kwa ajili ya watu waliofundishwa kunyamaza. Tunakutakia ustaafu wenye afya, usingizi mrefu, na walau jirani mmoja mbishi, usije ukachoshwa na amani.