Kona za Mbooni

Treni ilipotoka Mtito Andei, Kivuva alikuwa amekaa nyuma ya mkewe, Mwongeli, kwa sababu tiketi zao hazikupata viti vya pamoja. Kando ya Mwongeli alikaa Khalid, kijana wa Mombasa mpenda pikipiki.

"Mama, huku kwenu ni tambarare tu," Khalid alilalamika. "Natafuta barabara ya kona kona, naona lami iliyonyooka na vichaka."

"Wewe umeona Mombasa Road peke yake. Panda milima ya Mbooni. Kona moja haijaisha, nyingine imeanza, na chini unaona mashamba mpaka mbali. Bwanangu alinipitisha huko na pikipiki tukiwa wachumba. Alidhani naogopa, akawa anapunguza mwendo."

"Kwani hukuogopa?"

"Niogope nini? Nilitaka tu kumshika."

Kivuva aligeukia dirisha. Miaka hiyo yote alikuwa akisimulia watu jinsi mkewe alivyotetemeka.

"Bado siamini kuna milima," Khalid alisema. Mwongeli akafungua mdomo kumjibu, lakini treni ilikuwa imesimama Emali, kituo chao, akainuka na kumgeukia Kivuva.

"Mbona unacheka?" alimwuliza mumewe.

Kivuva akamshika mkono, na hakumwachilia hata walipofika nje.