Kinyozi Mahali pa Baba Yenu

Sogeeni karibu, wanangu, na mmoja wenu afunge hilo dirisha, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na mashine ya kusaga. Nilivyo navyo vya kugawa ni vichache. Nyumba hii ni yenu nyote wawili, asitokee wa kumwambia mwenzake atoke. Shamba la bondeni ni la kaka mtu kwa kuwa ndiye anayelilima, na cherehani ni ya dada mtu. Funguo za ghala apewe kinyozi, kwa sababu lile ghala si letu; wanakijiji walikipa kikundi chetu tufanyie maigizo baada ya kilimo cha pamba kufa, na mabenchi waliyachonga wao.

Linalonichosha ni jingine. Ni kile kisa changu.

Binti yangu, najua Jumamosi umejiandaa kukisimulia badala yangu. Nimekusikia jikoni ukifanya mazoezi. Umeshika kila neno, hata pale ninapokohoa kabla ya kusema udongo uliporomoka. Mama yangu wee! Kikohozi kile hakimo kwenye kisa. Nilikuwa na mafua, watu wakadhani kilio kimenikaba, na wewe ukajifunza mpaka mafua yangu. Nilicheka humu kitandani mpaka mbavu zikauma, halafu nikalia.

Tulipoanza tulikubaliana kwamba kila mtu atasimulia lililompata mwenyewe, na wenzake watamwigizia. Mkunga akaeleza yake, mchunga mbuzi akaeleza yake. Mimi nikaeleza jinsi baba yenu alivyoshuka kuchimba kisima cha shule, udongo ukamfunika. Kinyozi akawa baba yenu. Na anaigiza, jamani! Anajifunga taulo kiunoni, anatemea viganja mate, anashuka nyuma ya magunia huku akipiga mluzi. Watu wakaja kutoka vijiji vya mbali kumtazama akishuka. Mwaka hadi mwaka, mimi nasimulia, yeye anashuka.

Shangazi yenu alikuja mara moja tu, akasimama katikati ya watu: "Wifi, huyo si kaka yangu! Kaka yangu alikuwa na haya, apige mluzi mbele ya nani?" Nikamwambia, "Wewe ulikuwa kwako, mimi ndiye niliyelala naye." Watu wakacheka. Akatoka, na hajakanyaga hapa tena. Mfuateni, mwambieni wifi yake anamwita.

Maana sasa nafumba macho nimtafute mume wangu, huko niendako nimtambue, na anayekuja ni kinyozi. Na taulo lake. Namwambia ondoka, anapiga mluzi. Namtafuta yule mwenye haya, simpati. Nimemsimulia mpaka ameisha.

Kwa hiyo nawausia: nikiondoka, kisa kile kisisimuliwe tena. Usinune, binti yangu. Siku ile ulikuwa tumboni, hukuona kitu. Lakini umelelewa na baba anayekufa kila Jumamosi huku watu wakipiga makofi, na hilo hakuna mwingine alijuaye. Simulia hilo. Usikohoe.

Na wewe, mwanangu mkubwa, miaka yote unapanga mabenchi, kisa kikianza unatoka nje, eti unaangalia baiskeli za watu. Nilikuacha. Lakini wewe ndiye uliyempelekea chakula mchana ule, mkakaa pamoja kabla hajarudi chini. Mimi nilifika vumbi limeshatulia. Sijawahi kukuuliza mlizungumza nini, na hukuwahi kumwambia mtu. Kwako bado yupo.

Nizikeni asubuhi, jua halijawa kali, na asiwepo wa kuniigiza. Mungu awatunze, wanangu. Awape riziki ya halali na usingizi mzuri, awape watoto wa kuwasikiliza. Mkikosana, msilale mmenuniana. Radhi yangu mnayo, nyote wawili, tangu zamani mnayo.

Niinulieni mto... hapo. Hapo panatosha. Dada, mpishe kaka yako.

Njoo, mwanangu. Usiseme kama tunavyosema kule ghalani. Sema polepole, unaniambia mimi tu. Alipokuja kula... alikaa upande gani wako?

"Kushoto."

Enhe... Endelea, baba.