Stata Inaumwa Kidogo

Lori la abiria lilikuwa limesimama Kibiti kupakia chumvi. Lilipotakiwa kuondoka kwenda Ruaruke, likagoma. Dereva alibonyeza, likalia ta! kisha kimya. Mwanamize, aliyekaa juu ya gunia na kichupa cha dawa ya mama yake mkononi, akawasikiliza wanaume wawili wasiojuana wakibishana.

"Betri hiyo," akasema mchuuzi wa nazi, ambaye maishani hajamiliki hata baiskeli.

"Betri gani, bwana? Taa si hizo zamulika ukuta, wala hazififii akibonyeza?" akajibu mwenzake, aliyetengeneza magari ya jeshi la Keya huko Burma wakati wa vita. "Stata imekufa."

"Mbona dereva kasema inaumwa kidogo?"

"Aseme nini? Mwenye lori yuko Utete, dereva kampelekea salamu: stata inaumwa kidogo, njoo. Neno la kumfikisha mtu hilo. Hata kwenye misiba yetu si ndivyo tuitanavyo?"

Mchuuzi akacheka. Mwanamize hakucheka. Jana mpwa wake alikuja mbio kutoka Ruaruke: mama yako anaumwa kidogo, njoo. Naye Mwanamize akaenda kutafuta dawa.

"Na mwenyewe akifika?" akamwuliza yule fundi.

"Akifika ataona, mama. Hapo haifichiki tena."

Abiria wakashuka kusukuma. Mwanamize naye akashuka, akakiweka kichupa chini. Lori likashtuka, likanguruma, watu wakashangilia.

"Mama, panda! Utaachwa!"

Mwanamize akapanda. Kichupa alikiacha pale pale chini, mchangani.