Bi Viwimbi, Aliyepepeta Picha za Wagonjwa

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu juzi, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, nisimame hapa kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Viwimbi, jina alilobandikwa kazini kwa utani, likamganda hadi mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba fundi redio na mama mshonaji, na tangu utotoni alipenda kukaa karibu na meza ya baba akisikiliza redio inayokoroma ikirudishiwa sauti yake, ingawa mama alinung'unika kwamba mtoto wa kike ananuka risasi ya kulehemu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha akajiunga na chuo kikuu, alikohitimu uhandisi wa umeme mwaka 1992, na katika shahada ya pili, aliyoimaliza mwaka 1998, aliandika juu ya kuivunja picha katika viwimbi, yaani mawimbi madogo madogo, kulitenga umbo lake la jumla na matabaka ya undani wake, kutupa yaliyo kelele tu, chembechembe zisizo na maana, na kuijenga upya ikiwa safi na nyepesi. Mama alipoulizwa na majirani binti yake anasomea nini hasa, alijibu, "Anapepeta picha," na katika familia yetu hakuna aliyewahi kulieleza vizuri zaidi.

Mwaka 1999 aliajiriwa katika hospitali ya rufaa, kwenye chumba cha picha cha ghorofa ya chini, kisicho na dirisha, wakati ambapo vituo vya afya vya mbali vilikuwa na mashine za eksirei lakini havina daktari wa kuzisoma, na picha moja ya kifua ilikula asubuhi nzima kupita kwenye mtandao, ikifika. Programu aliyoiandika iliwezesha picha hiyo kufika mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, na waliotibiwa mapema kwa sababu hiyo ni wengi.

Tarehe 12 Mei 2001 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele, aliyezoea kusema kwamba mkewe ameolewa na kompyuta na yeye ni mpangaji tu, na mwaka 2003 walijaliwa binti yao wa pekee.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingependa kupita kimya kimya, lakini marehemu mwenyewe alituusia pasomwe, akasema, "Msinisafishe." Mwaka 2009 vituo vilizidi kuongezeka, mtandao ukaelemewa, na mkuu wa idara akamtaka apandishe kizingiti, kile kipimo ambacho programu hutumia kuamua kipi ni kelele, ili undani mwingi zaidi utupwe na picha zipite haraka, naye alipinga, akapinga tena, mwishowe akachoka kubishana na bosi, akakipandisha kwa mkono wake. Miongoni mwa picha zilizopita baada ya hapo ilikuwamo ya fundi mwashi mmoja, aliyeambiwa kifua chake kiko salama, na aliporudi mwaka uliofuata akitema damu, dada yetu aliomba picha ya awali iliyobaki kituoni, akaona doa dogo kama punje ya mtama, ambalo programu yake ilikuwa imelihesabu kuwa kelele.

Wakubwa walimwambia anyamaze, lakini alikwenda nyumbani kwa mwashi, shemeji akimsubiri nje, akaeleza yote bila kumtaja bosi. Yule bwana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa upole, "Mama, mimi ukuta wangu ukipinda naubomoa, nauanza upya. Wewe huu utaubomoaje?" Mwashi alifariki miezi michache baadaye, mjane wake akakataa kumpokea msibani, na dada yetu alirudi kutoka pale akiwa si yule tuliyemzoea, maana tangu siku hiyo hatukumsikia tena akicheka kwa sauti.

Kizingiti alikuwa amekirudisha siku ile ile alipoliona doa, akaondolewa uongozi wa kitengo cha picha aliokuwa nao kwa kukaidi, akaendelea kama mfanyakazi wa kawaida, na kwa miaka minne alitafuta njia ya kutofautisha kelele na kitu cha kweli, akijengea juu ya jambo moja, kwamba kelele ukiifuata kutoka tabaka hadi tabaka hufifia, lakini ukingo wa doa la kweli huendelea kuonekana. Njia hiyo ndiyo inayotumika leo, pamoja na sharti kwamba picha ya awali isifutwe kabla daktari hajaikagua, ila kila aliposifiwa alijibu tu kwamba imechelewa.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu kila wiki, na huko alipata ujasiri wa kuwatania wauguzi, "Angalieni msije mkanichuja hadi mkanimwaga mimi mwenyewe." Hali ilibadilika mwezi Julai mwaka huu, na asubuhi ya Jumanne tarehe 6 Agosti 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake, alivuta pumzi ya mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliotupa viti, maji na mabega yenu, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha picha, ambao Jumanne ile, habari ikiwa imeshawafikia na macho yamevimba, walibaki kwenye mashine zao hadi picha ya mgonjwa wa mwisho ilipokaguliwa, ndipo wakafunga mlango, wakaja kulia pamoja nasi.

Dada, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani.