Viti Vitatu Mwezini

Bibi Odile alidhani ni msiba wa kweli. Basi lilikuwa ndiyo kwanza linaingia katikati ya jiji la Winnipeg, na binti wa kiti cha mbele yake alikuwa akimfokea mwenzake bila kujali abiria.

"Tavish, umewaua! Watu watatu wamekwama mwezini bila mafuta, chombo cha kuwaokoa kina viti vitatu, halafu wewe unapakia rubani!"

"Sasa kingejirusha chenyewe, Noemi?"

"Ndiyo! Ile kompyuta tuliifunga ya nini, mapambo?"

Hapo Bibi Odile akaiona simu mkononi mwa kijana, akajua ni mchezo. Lakini hasira haikuwa ya mchezo.

"Basi mmoja abaki," alisema Tavish. "Abaki Anselm. Ni kikaragosi tu, dada."

"Anselm ni jina la babu yangu, kichwa maji we! Alikufa hospitalini peke yake, theluji imetufungia barabara. Na huko nako abaki peke yake?"

Tavish alibonyeza simu. "Haya. Rubani ameshuka, atabaki mwezini; babu yako amekaa kwenye kiti chake."

"Rubani mwenyewe nani?"

"Mimi. Nilimpa jina langu."

"Mshenzi! Sasa wewe nani atakufuata?"

"Si wewe?"

"Thubutu! Ufie huko huko!"

Basi likasimama. Noemi aliinuka huku bado anatukana, na katika kutukana huko akamshushia Tavish kofia mpaka ikamfunika masikio, kisha mlango ukafunguka na baridi ikaingia.